Mkia wa Kindi na Jamaa Zake

Ban Huai Kham, chini ya milima ya Phu Phan
9 Januari 2022

Mwanangu Phikun,

Hujambo huko Bangkok? Sisi tupo, na baridi ipo. Asubuhi ukungu unashuka kutoka mlimani, unaingia hadi jikoni na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga, nami napika wali wa kunata bila kuona miguu yangu mwenyewe. Mpunga umeingia ghalani salama. Jirani yetu Lamduan anatia nili vitambaa vyake, mikono yake ni ya buluu mpaka viwikoni, akikupungia unaweza kudhani pepo anakuita. Anakusalimu. Anauliza umeolewa au bado. Nimemwambia aandike barua yake mwenyewe.

Baba yako ametoka hospitalini wiki iliyopita. Wamesema lile donge kwenye mirija ya nyongo halikatiki tena. Wametupa vidonge vya maumivu na maneno mazuri. Nimemhamishia kwangu, kwenye chumba kinachopata jua la asubuhi. Hali chakula, halali usingizi. Vidonge vinamzima kidogo, kisha anaamka na hasira kama mtu aliyeibiwa. Jana nilimuuliza, "Khamsing, nimwandikie Phikun?" Akasema, "Mwandikie habari za mpunga." Basi za mpunga nimekuandikia hapo juu.

Nataka kumtengenezea ile dawa ya usingizi ya babu yako. Usishtuke. Siku hizi nina kibali, na kliniki ya mitishamba ya wilaya hunipa majani yaliyopimwa ya mkia wa kindi. Kama umesahau, ndiyo bangi yetu ya mlimani, yenye kichwa cha manyoya. Daktari wao amekubali, mradi nimwandikie kila kinachotokea.

Nina neno moja tu. Hiyo mashine yako ya maabara inayohesabu harufu, inahesabu kweli? Mtu akikutumia unga wa dawa ndani ya karatasi, inaweza kusema mna nini na kiasi gani? Nauliza tu.

Simu usipige. Kwenye simu nasema sijambo kabla sijafikiri.

Shangazi yako,
Bunthom


Bangkok
2 Februari 2022

Shangazi,

Shikamoo. Nimeunganisha viganja hapa mezani ingawa hunioni. Mimi mzima. Chumba changu kiko ghorofa ya nane, chini kuna mfereji wa maji ya kijani, na kila asubuhi mama mmoja anapita na mtumbwi akiuza tambi. Harufu ya mchuzi wake hupanda mpaka kwangu, lakini sauti yake haifiki. Mwambie Bi Lamduan sijaolewa, na aliyekuwepo ameshaondoka, asihangaike.

Mashine inahesabu kweli. Ndani yake kuna mrija mwembamba kama unywele, umezungushwa mara nyingi sana. Ukiukunjua unapata mita thelathini. Harufu zote zinaingizwa pamoja upande mmoja na kusukumwa na upepo. Zilizo nyepesi zinatangulia, nzito zinajikokota, na kila moja inatokea upande wa pili peke yake, kwa saa yake. Ikitoka, kwenye kioo unachorwa mlima mdogo. Kazi yangu ni kutazama milima, Shangazi. Mchana nikisinzia, mara nyingine naona ni ile ya nyumbani.

Nimezungumza na daktari wa kliniki yenu. Nimemtumia chupa ndogo kwa ajili ya mgonjwa. Ni kiini kimoja cha bangi, kimechujwa mpaka kimebaki chenyewe tu. Hakinuki, hakina ladha. Matone atawaandikia yeye.

Kuja sasa hivi ni vigumu, kazi ni nyingi. Mwambie habari za mpunga nimezipata.

Phikun


Ban Huai Kham
20 Machi 2022

Mwanangu Phikun,

Salamu za joto, maana baridi imekwisha na vumbi limeanza. Majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini, wametaga kwenye miti ya nyuma, nimeangua mayai yao bakuli zima na kuumwa mpaka kwapani. Nilimpikia baba yako supu. Alikunywa vijiko viwili, akasema ni tamu, akageukia ukuta. Unamwita mgonjwa. Sawa, ni mgonjwa. Ana jina pia.

Sasa sikiliza habari za chupa yako. Siku ya kwanza tone moja, kimya. Siku ya tatu matatu, kama daktari alivyoandika, baada ya chai ya asubuhi. Nilikuwa nafua. Nikasikia naitwa.

"Dada! Ukuta unakuja."

"Ukuta gani?"

"Huo. Uzuie, mimi nimechoka."

Moyo wake ulikuwa unapiga mpaka shati linacheza. Nikaegemeza mgongo ukutani nikasimama.

"Umesimama?"

"Nimesimama."

"Unasukuma?"

"Nasukuma, Khamsing, lala."

Nilisimama hapo mpaka jua likafika kwenye kizingiti. Nguo zilikauka na sabuni zake. Daktari alisema tuache, nasi tumeacha.

Dawa yako ni safi, sikatai. Ni safi kama nyumba isiyo na watu, ukiingia unaogopa nyayo zako mwenyewe. Kwenye kitabu cha babu yako jani hili haliendi peke yake hata mara moja. Linakwenda na jamaa zake kumi na mmoja: pilipili manga, karafuu, kungumanga, mdalasini, iliki, tangawizi kavu, liwa, chembe ya kafuri, na maua matatu yaliyokaushwa kivulini, moja likiwa hilo ulilopewa jina lake. Mzee alikuwa akisema mkia wa kindi ni kijana wa maneno mengi, hawezi kutumwa kwa watu bila wazee wa kumshika shati.

Kitabu kinataja majina. Vipimo hakitaji vyote, kinasema tu "mpaka harufu ikae". Nimetengeneza mara tatu. Ndani ya bahasha hii mna pakiti tatu. Sijampa mtu. Pitisha kwenye mashine uniambie ipi imekaa.

Bunthom


Bangkok
17 Aprili 2022

Shangazi,

Shikamoo, na heri ya mwaka wetu mpya. Natumaini mlimwagiwa maji ya baraka vizuri na hekalu lilijaa watu. Hapa walimwagiana maji siku tatu, mimi nilitazama kutoka ghorofani. Nilitaka kuja. Maabara hawakuniruhusu.

Pakiti zako nimezipitisha mara mbili, ili nisiwe nimekosea mimi. Ya kwanza ina karafuu mara tatu ya inavyofaa, imezifunika nyingine zote. Ya tatu ina pilipili manga ya kale, imebaki rangi tu, harufu ilishaondoka zamani. Ya pili, Shangazi, nakuomba uimwage yote iliyobaki. Kafuri uliyotia humo inaweza kumtia mtu kifafa. Usimpe hata kuku.

Umeniuliza ipi "imekaa". Nikuambie ninachokijua, nacho si kingi. Viini vya bangi vyenyewe havinuki. Kinachonuka ni mafuta mepesi yanayoruka hewani, sisi tunayaita terpeni, na mimea mingi inashiriki hayo hayo. Kuna moja limo kwenye pilipili manga, limo kwenye karafuu, na limo kwenye jani la bangi lenyewe. Likiingia mwilini linabisha hodi kwenye mmojawapo wa milango ileile inayogongwa na viini vya bangi. Jingine limo kwenye langilangi na maua mengine ya kulalia, linashusha mabega. Wapo wataalamu wanaosema vitu hivi vikienda pamoja vinasaidiana, kimoja kinapunguza woga unaoletwa na kingine. Wapo wanaobisha, wanasema haijathibitishwa bado. Bosi wangu ni wa hao wanaobisha. Mimi nilikuwa upande wake mpaka niliposoma ule ukuta.

Lakini nina swali, na usinikasirikie. Pakiti ya pili nilipoifungua, wenzangu watatu walisimama wakatoka nje. Machozi yaliwatoka. Wewe uliifunga kwa mikono yako mwenyewe.

Hukunusa?

Phikun


Ban Huai Kham
8 Mei 2022

Phikun mwanangu,

Mvua ya kwanza imenyesha. Lamduan ameanguka kwenye tope na kapu lake la uyoga, mzima, amenuna tu. Mbwa amezaa. Baba yako bado anahesabu mbao za dari, anasema ni sitini na nne, siku nyingine sitini na tano.

Pakiti ya pili niliimwaga. Nilichimba shimo, nikaifukia, kisha nikakaa juu yake kama ninayelinda kaburi.

Sikunusa. Sinusi. Ile homa ya mwaka jana iliyopitia kijiji kizima ilipoondoka kwangu iliondoka na pua. Nilidhani itarudi. Kila asubuhi naweka karafuu kiganjani, navuta, ni kama kuvuta upepo wa dirishani. Mwezi wa kwanza niliunguza wali mara nne. Lamduan akaja mbio, "Bunthom, nini kinaungua?" Nikamwambia nachoma takataka. Baba yako alikula ule wali, ganda na yote, akasema mtamu. Ndipo nilipojua kuwa anajua.

Miaka arobaini watu wanakuja kwangu na matumbo yao na migongo yao, nachukua mkono wa mtu nanusa jasho lake kabla hajakaa. Sasa nawaambia kinu kimepasuka. Sijamwambia mtu yeyote ila karatasi hii. Hata usingizi wangu umebadilika, Phikun. Zamani nilikuwa naota harufu. Naota mama anapita na yasmini kichwani, namjua kabla sijamwona uso. Sasa anapita mtu, na mimi namuuliza, "Wewe nani?"

Kuna jambo unalijua lakini hulisemi, basi nitalisema mimi. Ulipokuwa na miaka sita babu yako alikuwa anakufunga macho kwa kitambaa, anakupitishia vikombe puani, nawe unataja kimoja kimoja bila kukosa, ukifika kwenye kafuri unapiga chafya na mzee anacheka mpaka anakohoa. Alisema pua yake imepata pa kukaa. Kisha ulipofika miaka tisa ukaacha. Hukugusa kinu tena. Tulisema ni kwa sababu mzee alikamatwa, mtoto ameogopa. Ukaenda zako kusoma, ukaja kununua mashine ya kunusa kwa niaba yako.

Mashine haipandi basi. Njoo wewe. Baba yako ana miezi, daktari hakuficha.

Bunthom


Bangkok
1 Juni 2022

Shangazi,

Shikamoo. Pole na pua. Nimesoma barua yako nimesimama kituoni, mabasi matatu yakapita. Mimi sina habari za nyumbani za kukupa leo, mfereji uko palepale, mama wa tambi yuko palepale. Naandika hili moja kwa sababu nikianza na mengine nitaishia kwenye hayo mengine.

Maabara hawakunikatalia ruhusa. Sikuomba. Si mwaka huu wala mingine.

Mwaka ule nilipokuwa na miaka tisa alikuja ofisa shuleni, siku ya kufundisha watoto ubaya wa dawa za kulevya. Alikuwa na picha kubwa ya jani. Akauliza nani amewahi kuliona. Mimi nikanyoosha mkono. Sikuogopa, Shangazi, nilijivuna. Nikasema, "Babu yangu anao mti mzuri kuliko huo, uko nyuma ya jiko, unanuka kama embe." Ofisa akatabasamu, akaniita mbele, akanipa penseli. Akaniuliza jina la babu. Nikalitaja lote, na la ukoo.

Walikuja siku ya tatu. Mnakumbuka ninyi kuliko mimi.

Mwalimu alimwambia baba. Alinifuata na pikipiki, akaniweka mbele, hatukusema kitu mpaka kwenye daraja. Pale akasimamisha akasema, "Usimwambie mtu. Hata shangazi yako. Hasa shangazi yako." Ndilo neno la mwisho tulilosema juu ya jambo hilo. Tangu hapo akinitazama namwona ananyamaza. Mtu anaweza kuonekana akinyamaza, wewe unajua. Nilipopata nafasi ya shule ya mbali nilikimbia ule unyamavu, si kijiji.

Miezi kumi na moja babu alikaa ndani. Penseli ilikwisha kabla hajatoka.

Sasa unajua kwa nini pua hii haifai kukaa kwenye kinu chake.

Phikun


Bangkok
10 Julai 2022

Shangazi,

Shikamoo. Wiki ya sita hii sijapata barua. Najua posta yetu, na najua pia kuwa si posta.

Sheria ya bangi imebadilika mwezi uliopita, mmesikia. Hapa wanauza majani barabarani, na vikombe vya chai, na vidakuzi. Jana nilipita kwenye meza moja, kijana anapigia watu kelele, "Karibu, mkia wa kindi, asili ya Phu Phan!" Nilisimama mbele yake mpaka akaniuliza kama naumwa.

Yukoje? Niandikie mstari mmoja tu, yukoje.

Phikun


Ban Huai Kham
21 Agosti 2022

Phikun,

Wote wazima waliokuwa wazima. Mpunga umepandwa. Watawa wameingia kwenye miezi yao ya mvua, napeleka chakula kila asubuhi.

Si posta. Nilikasirika. Nilimkasirikia mtoto wa miaka tisa, mimi mwanamke wa miaka sitini na saba, na hasira ilikuwa mbichi kana kwamba wamemchukua mzee jana. Niliwaona tena wanang'oa miti nyuma ya jiko. Nilimwona alivyorudi, vidole vinatetemeka hata kikombe hakishiki, anakataa kutaja lile jani mpaka anakufa, na alikufa na maumivu, Phikun, nami nilikuwepo. Barua yako niliiweka chini ya pipa la mchele ili nisiisome tena, kila siku nikilisogeza pipa.

Wiki ya tatu nikaenda kwa baba yako. Alikuwa ameketi kitandani anatazama barabara.

Nikamwambia, "Ulijua."

"Nini?"

"Habari ya shule. Ofisa. Ulijua."

Akageuza uso kutoka barabarani. Kisha akasema, "Nilijua."

"Miaka ishirini na miwili?"

"Ungefanya nini? Ungemchapa."

"Ningemchapa, ndiyo!"

"Ndiyo maana."

Basi kakaa pale, mifupa mitupu na shati, ananitazama kama tulipokuwa watoto amenifichia kiatu. Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika. Alipopata pumzi akasema, "Nilimfunika ili asipigwe na mvua. Nikasahau kumfunua." Akalia kidogo. Sijamwona akilia tangu mama alipofariki.

Hakuombi uje. Ila basi la kutoka Bangkok linapita barabarani saa moja asubuhi, na likisikika anajiinua kwa viwiko. Likipita anarudi chini. Ni kila siku.

Amekonda, unaweza kumbeba. Kulala bado. Mimi hasira haijaniisha, sikudanganyi, iko hapa karibu na pipa. Njoo hivyohivyo, nayo ikiwa palepale, tutaipita ubavuni.

Shangazi yako


Bangkok
9 Oktoba 2022

Shangazi,

Shikamoo. Nimefika Bangkok salama kutoka kwenu, wali ulionifungia tulikula mimi na mama aliyekaa kiti cha pili, akataka kujua nani amepika. Chumba changu kilinuka ukungu wa kukaa kimefungwa. Nilifungua dirisha nikasinzia palepale sakafuni na begi mgongoni.

Siku kumi na mbili tulizokaa pamoja wewe ulikuwepo, sina haja ya kukusimulia tulivyosaga, wewe unasoma kitabu kwa sauti na mimi nimefumba macho. Wala jinsi nilivyosema "bado" mpaka ukanipigia kijiko cha mbao begani, "Bado gani hiyo, tangu asubuhi!" Sikuwa nakuringia. Harufu ilikuwa imesimama mbele yangu kama watu wanaozungumza wote kwa pamoja, na mimi nasubiri waanze kusikilizana. Nilipotia pilipili mpya na chembe ya mwisho ya kungumanga, zilinyamaza zote kwa mkupuo. Hakuna mlima unaochorwa kwenye kioo unaoweza kuonyesha hilo, Shangazi. Nimejaribu leo. Nimepitisha ule unga kwenye mashine, milima imetoka kumi na minne, mizuri, lakini imesimama kila mmoja peke yake.

Ninalotaka kukuandikia ni la siku ya tano, ulipokwenda hekaluni. Nilikuwa nimempa kidonge cha tatu cha ule unga tulioukanda kwa asali. Tulikuwa hatujasema kitu kwa siku tano ila maji na mto. Nikakaa chini karibu na kitanda. Mvua ilikuwa inanyesha upande wa mlimani tu, huku kwetu jua.

Akaniuliza, "Ulinyoosha mkono gani?"

Nikajua anauliza nini. Nikasema, "Wa kulia."

"Ulete."

Nikampa. Nilidhani atasema kitu. Akaupeleka puani, akavuta taratibu, mara mbili.

"Unanuka karafuu," akasema.

"Nimetoka kusaga, baba."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo tangu sijui lini. Alifumba macho. Akasema, "Mimi ndiye niliyeogopa pale darajani. Wewe ulikuwa unalia tu." Nikangoja aendelee. Vidole vyake vikalegea juu ya vyangu kimoja baada ya kingine, kama mtu anayeshuka ngazi bila haraka, na nilipotazama alikuwa amelala. Mdomo wazi. Anakoroma, Shangazi! Uliporudi ukanikuta sijautoa mkono, ukaenda kuleta ukwaju. Tulikaa tunamenya ukwaju mpaka alasiri, tunaweka mbegu juu ya kitambaa zisilie.

Sikukuambia aliyoyasema kwa sababu niliona ni yangu. Sasa naona ni yako pia.

Vidonge vilivyobaki ni vya wiki saba. Vya kafuri nimeweka alama nyekundu. Usiongeze hata akikuomba.

Phikun


Ban Huai Kham
27 Novemba 2022

Mwanangu Phikun,

Ulipoondoka baada ya mazishi sikukusindikiza mpaka barabarani, goti liliniuma. Sasa ni zima. Mpunga umevunwa, wa harufu nzuri mwaka huu, kila mtu anasema. Mbwa mdogo tuliyembakiza anakula viatu. Lamduan amekuja kila siku, hazungumzi, anakaa na mikono yake ya buluu mapajani, kisha anakwenda. Sikujua kuwa ana akili hivyo.

Uliniomba niandike jinsi ilivyokuwa siku yenyewe, maana kwenye simu sikuweza. Basi.

Dawa haikumponya, na daktari nimemwandikia hivyo. Donge lilikuwa donge. Lakini wiki zile sita za mwisho alilala kila siku, akila kidogo, akiomba vitu. Alitaka machipukizi ya mianzi. Alitaka nimkate nywele. Akiamka alinisimulia alikokuwa. Alisema alikuwa anatembea kwenye ukungu, na kila mti aliopita ulimwambia jina lake kabla hajaugusa. Ukuta hakuutaja tena. Mwanzo wa mwezi huu maumivu yaliongezeka, daktari akaja na sindano, tukaenda na vyote viwili.

Asubuhi ile alikunywa chai. Basi la Bangkok likapita, akalisikia, lakini hakujiinua. Akasema, "Hilo halina mtu wetu. Mtu wetu alishafika." Nikasema ndiyo. Akaniambia nifungue dirisha. Nilipogeuka alikuwa amelala, na nilikwenda kulisha kuku, nikarudi, alikuwa amelala bado, na baadaye ndipo nilipojua kuwa si usingizi ule. Sikuuona mpaka wake. Nimetafuta mahali usingizi ulipoishia na lile jingine likaanza, sijapaona.

Sasa la leo. Lamduan amenijia asubuhi, na safari hii amezungumza. Halali, tangu mazishi, anasema akifumba macho anaona ule moto wa kumchomea Khamsing hekaluni. Akasema, "Bunthom, nisagie ile ya Khamsing." Nilikuwa naufungua mdomo kumwambia kinu kimepasuka. Nikamtazama. Nikasema, "Lamduan, mimi sinusi. Sinusi tangu homa ya mwaka jana."

Akasema, "Najua. Wali ulikuwa unaungua na wewe umekaa juu yake."

"Kwa hiyo siwezi kusaga. Pua yangu iko Bangkok."

Akanijibu, "Si uiite?"

Nimewaza siku nzima namna ya kukuita bila kukuvuta. Una kazi, una chumba, una milima yako ya kwenye kioo. Sitaki uje kumlipa mzee, wala kunilipa mimi. Yule mzee alikupa kile kikombe kwa sababu ulikuwa unafurahi. Kama bado unafurahi, njoo. Daktari wa kliniki anasema kuna nafasi, anataka mtu anayejua mashine na anayejua kinu, na mpaka sasa amepata wa kimoja kimoja tu. Chumba cha jua la asubuhi nimekifagia.

Lamduan nimemwambia avumilie mpaka mwezi mpya. Kama huji, niandikie, sitanuna zaidi ya wiki mbili. Kama barua haitafika, nitajua umeshapanda basi.

Shangazi yako,
Bunthom